Gia ya Tano Ilikuja na Lami: Historia ya Garsen Nikiwa Chini ya Gari la Mjomba

Nianze kwa kukiri kosa. Mapema mwaka 2023 mimi ndiye niliyemwambia mjomba auze pikapu yake. Nilimwambia kwa adabu, lakini nilimwambia: "Mjomba, hili gari limeshachoka. Giaboksi inalia, oili inavuja, kila wiki mbili liko kwa fundi. Uza, tununue Probox, tubebe maembe kama watu wengine."

Mjomba hakujibu. Alimaliza chai yake, akachukua fimbo, akaenda kuangalia ng'ombe. Mtu mzima wa huku kwetu akinyamaza hivyo, jua hujakubaliwa na hujakataliwa. Unasubiri.

Mimi ni kijana wa Garsen na najua kukata video kuliko kushika spana. Gari zuri kwangu lilikuwa lenye AC na redio ya kioo. Historia niliyoijua ni ile ya kukariri kwa ajili ya mtihani, ya majina ya magavana na mikutano ya London. Lakini siku nne nilizokaa chini ya lile gari nikipitisha spana, nilifundishwa historia ya hapa kwetu ambayo sikuwahi kuisoma darasani. Ndiyo nataka tuiongee leo, na mwishoni nina jambo la kuomba.

Gari la gia nne

Pikapu yenyewe ni Toyota Land Cruiser ya mwanzo wa miaka ya 1980, ile wajuzi wanaiita HJ47. Injini ni dizeli ya 2H, silinda 6, karibu lita 4. Zamani lilikuwa gari la mradi, mjomba akalinunua mnadani. Tangu nizaliwe limebeba maembe ya Ngao, mchele, maziwa ya akina mama wa Kiorma, mabati, maiti, na bibi harusi wawili. Giaboksi yake ilikuwa na gia nne tu za mbele.

Nilipomuuliza fundi kwa nini nne, alicheka. Fundi wetu ni mzee, kibanda chake kiko chini ya mwarobaini pale Minjila. Namwita babu ingawa hatuna undugu. Akaniambia, "Sasa wewe, hiyo ya tano ungeipeleka wapi?"

Swali hilo ndilo limebeba makala yote, kwa hivyo nieleze kidogo. Kwenye giaboksi ile ya zamani, inayoitwa H41, gia ya kwanza ni nzito sana: injini inazunguka karibu mara 5 ndipo propela izunguke mara 1. Hiyo ndiyo gia ya matope. Gia ya nne ni sare, injini mara 1, propela mara 1. Gia zinaishia hapo. Baadaye Toyota wakatengeneza H55F yenye gia tano. Gia yake ya kwanza ni nzito karibu sawasawa na ile ya zamani, uwiano wa 4.84 badala ya 4.93. Lakini gia ya tano ni 0.845. Yaani kwa mwendo uleule injini inapunguza mizunguko kwa kama asilimia 15. Kelele inapungua, dizeli inapungua, injini inapumua.

Ila gia ya tano haina kazi kwenye matope wala mchanga. Ni gia ya barabara iliyonyooka, ya mtu anayeweza kushika mwendo dakika 20 bila kugusa breki. Ndiyo maana babu alicheka. Garsen ya miaka ya 1980 hiyo barabara ilikuwa wapi?

Kabla ya gari ni mto

Tana ni mto mrefu kuliko yote Kenya, kama kilomita 1,000 kutoka Aberdare na Mlima Kenya hadi baharini. Huku chini haukai mahali pamoja. Karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa Belesoni kuunganisha Tana na mto Ozi. Baadaye Tana yenyewe ikaufuata mfereji, ikahama, na ndiyo sababu leo inaingia baharini Kipini. Sasa mto unaoweza kuhama nyumba, utaujengea barabara gani? Kwa hivyo mababu zetu walitumia mtumbwi, na waliokuwa na ng'ombe walitembea.

Halafu ikaja Land Rover. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, na haikuchukua muda ikawa gari la serikali ya mkoloni: la DC, la polisi, la daktari wa mifugo. Giaboksi yake ilikuwa na gia nne, lakini sinkro zilikuwa kwenye gia ya tatu na ya nne peke yake. Sinkro ni pete ya shaba inayolinganisha mwendo wa gia kabla meno hayajashikana. Bila sinkro, dereva ndiye sinkro. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unagusa mafuta kidogo, unakanyaga klachi tena, ndipo unaingiza. Ukikosea, giaboksi inapiga kelele na kijiji kizima kinajua dereva ni mgeni. Hadi Series III ya mwaka 1971 ndipo sinkro kwenye gia zote nne za mbele ikawa jambo la kawaida kwa Land Rover.

Babu alijifunza kuendesha kwa mtindo huo. Hadi leo akiendesha hata gari jipya mguu wake unakanyaga klachi mara mbili. Nilidhani ni uzee. Kumbe mguu wake unakumbuka gari ambalo halipo tena.

Na tusisahau umbali ulikuwa na faida kwa nani. Hola, makao makuu ya kaunti yetu leo, ndipo mkoloni alipoweka kambi ya wafungwa wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa pale, na taarifa ya kwanza ya serikali ikasingizia maji waliyokunywa. Mahali pasipofikika ni rahisi kudanganya kuhusu kilichotokea hapo. Ndiyo maana mimi nikisikia mtu anasema barabara ni starehe, namwangalia tu.

Miradi ikaja, magari yakabaki

Uhuru ulipokuja, kuvuka mto pale Garsen ilikuwa bado ni kivuko cha kuvutwa kwa kamba, kwa mikono. Gari moja moja. Mto ukijaa, unalala upande uliokukuta.

Miaka ya 1970 serikali iliamua magari yaunganishwe hapa nchini. Leyland wakawa Thika, General Motors Nairobi, na kiwanda cha AVA kikawa Mombasa, ambacho kimeunganisha Land Cruiser kwa miaka mingi. Wakati huohuo miradi ikaanza kuja Tana: TARDA iliundwa 1974, halafu mradi wa umwagiliaji wa Bura ukaleta walowezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kila mradi ulikuja na wahandisi, mabango na magari ya fowili. Land Rover zikaanza kupungua, Land Cruiser zikaongezeka, kwa sababu dereva wa Tana hana ushabiki wa kampuni, anaangalia gari gani litamrudisha nyumbani.

Miradi mingi haikufika ilikoahidi. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalivunja matuta ya mashamba ya mpunga ya TARDA na kukata barabara kila mahali. Lakini magari yalibaki. Yaliuzwa mnadani, yakaingia mikononi mwa watu kama mjomba, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, yalianza kufanya maendeleo yenyewe. Gari lililokuwa linambeba mhandisi mmoja sasa lilibeba watu 14 na mbuzi.

Nani aliyatengeneza? Mafundi. Wengi wao walikuwa matandiboi na wasaidizi wa karakana za miradi hiyohiyo. Mradi ulipofungwa, wakatoka na ujuzi kichwani na spana chache mfukoni, wakatafuta kivuli. Mwaka 1972 shirika la kazi duniani, ILO, lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyoufanya ulimwengu uanze kuizungumzia sekta isiyo rasmi. Mwaka 1985 Rais Moi alitembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na jua kali ikaanza kuingia kwenye hotuba za serikali. Huku Minjila mafundi walikuwa kazini kabla ya hotuba na baada ya hotuba.

Miaka ya 1990 ilikuwa mibaya kwa njia nyingine. Majambazi walivamia barabara ya Malindi, Garsen na Lamu mpaka mabasi yakawa yanasafiri kwa msafara na askari. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 misafara ikarudi. Mjomba anasema kwenye msafara kosa kubwa ni kuharibikiwa, maana msafara haukusubiri. Kwa hivyo klachi iliyokaribia kuisha haikuwa suala la pesa, ilikuwa suala la kufika.

Lami ndiyo ilibadilisha hesabu. Ya kutoka Malindi ilitangulia, zaidi ya kilomita 100 hadi hapa. Ile ya Garsen, Witu hadi Lamu ilijengwa miaka ya mwisho ya 2010. Ghafla mjomba akawa anakimbia Malindi na maembe kwa gari ambalo gia yake ya mwisho imetengenezwa kwa dunia isiyo na lami. Kwa kilomita 80 kwa saa injini inalia kama inaomba msamaha. Probox zinampita. Dizeli inaliwa. Na huko ndiko kelele za giaboksi zilianzia.

Siku nne chini ya mwarobaini

Gia ya tatu ilianza kuruka yenyewe tukitoka Hola. Mjomba akaishikilia liva kwa mkono hadi Minjila. Babu alisikiliza, akapapasa, akamwaga oili ya gia kwenye karai, akapitisha sumaku. Sumaku ikatoka na vipande vya chuma vinavyong'aa. Hakuna aliyesema neno.

Kulikuwa na mtu aliyetaka kununua gari likiwa hivyohivyo. Pesa zilikuwa nzuri na ada ya dada zangu wadogo ilikuwa inadaiwa. Nikasema tena, uza. Mjomba akauza ng'ombe wawili, akalipa ada kwa mmoja, na wa pili akasema ni giaboksi. "Gia tano," akamwambia babu. "Naona sasa nina mahali pa kuipeleka."

Nilitumwa mimi Nairobi, mtaa wa Kirinyaga, ambao watu bado wanauita Grogan. Jina hilo ni la Ewart Grogan, mlowezi aliyepata umaarufu kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, sehemu kubwa kwa miguu. Mtu aliyesifika kwa kutembea ameachia jina mtaa ambao Kenya nzima inanunua giaboksi. Nilinunua moja kwenye duka ambalo sitalitaja, nikaipandisha basi, nikajiona mjanja. Babu akaigeuza mara moja, akahesabu meno ya shafti kwa kidole, akasema, "Hii si yetu." Meno hayakulingana na ya transfa yetu. Ilibidi nirudi nikabadilishe, na tofauti ya bei nikalipa kwa pesa yangu ya kamera. Kwa hivyo nawaambia kwa uchungu: hesabu meno ya shafti kabla ya kulipa. Picha ya simu haitoshi.

Kazi yenyewe ilianza kwa kutoa waya wa betri. Halafu tukafungua propela zote mbili, tukatoa kifuniko cha sakafu ndani ya kebini, tukachomoa liva, tukatundika giaboksi na transfa yake kwa cheni iliyofungwa kwenye gogo lililolazwa juu ya kebini. Tulikuwa watu wanne kuishusha na mmoja wetu alikuwa anaomba Mungu kwa sauti. Ilipotoka, babu hakukimbilia kuweka ile mpya. Alibadilisha pleti ya klachi, beringi ya rilizi, ile beringi ndogo ya kwenye flaiwili, na sili ya nyuma ya kranki. Nikamwuliza mbona tunabadilisha vitu ambavyo havijaharibika. "Kijana wangu, hapa hatuingii kila siku. Ukibisha hodi, salimia wote."

Kuweka pleti ya klachi katikati kuna kifaa chake cha dukani. Babu alichonga kijiti cha mkoko kwa kisu, akakipitisha, pleti ikakaa katikati sawasawa. Giaboksi ya gia tano ni ndefu kidogo, kwa hivyo transfa ilirudi nyuma. Propela ya nyuma ikakatwa, ya mbele ikaongezwa urefu, zikachomelewa na kulinganishwa Malindi, maana babu alikataa kabisa kuchomelea propela kwa macho. Alisema propela isiyolingana ndiyo itakayoua beringi mpya. Krosmemba nayo ikatobolewa matundu mapya.

Siku ya nne jioni mjomba aliwasha. Tukapanda lami kuelekea Malindi, madirisha wazi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Halafu akasita kidogo, akasukuma liva mahali ambapo mkono wake haujawahi kufika kwa miaka yote ile. Injini ikashuka sauti. Tukasikia upepo. Mjomba hakusema kitu, ila alitabasamu upande mmoja, na mimi nikageuza uso nje nisionekane.

Halafu mto ukaja

Novemba 2023 mvua za El Niño zikarudi. Maji yakafunika barabara ya Lamu kule Gamba na Lango la Simba. Mabasi yakasimama. Mwaka uliofuata, Aprili na Mei, ikawa hivyohivyo tena. Ile lami tuliyoisifu ikawa chini ya maji, na gia ya tano ikawa haina kazi.

Gia ya kwanza ndiyo ilirudi kazini. Mjomba na babu walipeleka unga na maji ya kunywa kwa familia zilizohamia sehemu za juu, kwa njia za udongo upande wa Tarasaa na Ngao, fowili ndani, transfa kwenye lo, polepole kama mtu anayebeba yai. Probox niliyokuwa naitamani ilikuwa imepaki Minjila na zenzake, matairi kwenye matope. Sizidharau. Kila gari lina siku yake.

Lakini nisiwadanganye kwamba gari lile lilishinda maji. Kuna siku tulifika mahali maji yanakimbia juu ya njia, si mengi kwa macho yangu, na nikamwambia babu giaboksi ni mpya, tupite. Akazima injini kabisa. "Gia haishindani na mto." Tukageuza. Kugeuza ni sehemu ya ujuzi wake sawa na kile kijiti cha mkoko.

Ninachoomba

Hapa ndipo maoni yangu yalipo. Tukiandika historia ya Tana River tunaandika mapigano, mafuriko, miradi na wanasiasa waliozindua lami. Yote ni kweli. Lakini kati ya mradi uliokufa na lami iliyochelewa kuna miaka mingi ambayo watu walisafiri, walijifungua hospitalini, waliuza maembe na kuzika wafu wao kijijini. Yote hayo yalipita kwenye mikono ya mafundi ambao majina yao hayapo popote.

Babu hana cheti. Vijana wawili anaowafundisha hawana cheti. Akitafuta kazi kwenye karakana yenye uzio, ataulizwa karatasi na kijana wa umri wangu. Kenya sasa ina mfumo wa kupima na kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kupita chuoni. Uletwe hadi Minjila, chini ya mwarobaini, umpime babu huku akihesabu meno ya shafti kwa kidole. Wasisubiri aje mjini kujaza fomu. Macho yake hayaoni vizuri tena usiku, na magari mapya yanakuja na giaboksi za otomatiki ambazo hataki hata kuzigusa. Akiondoka kabla ujuzi haujahama, tutabaki na lami nzuri na hakuna wa kututoa siku ambayo mto utaichukua. Na utaichukua, umefanya hivyo tangu Belesoni.

Na wewe unayesoma, kama kwenu kuna mzee aliyewahi kuendesha Land Rover isiyo na sinkro, au kuvuka Garsen kwa kamba, kaa naye wiki hii umuulize. Andika mwaka, andika gari, andika njia.

Mimi Jumamosi narudi Minjila na simu yangu. Nilimpigia babu nikamwambia nataka kumrekodi akifungua ile giaboksi ya zamani ya gia nne, tuone meno ya gia ya tatu yalivyolika. Amekubali, ila kwa sharti moja: nije na nguo chafu.